Vibanio Mgongoni: Kinachomdumisha Mtangazaji wa Mitindo

Mwanamitindo anasimama mbele ya kamera, koti limemkaa utadhani alishonewa yeye. Mgeuze. Mgongoni utakuta vibanio vinne au vitano vya chuma vimekusanya kitambaa kilichozidi, sentimita 6 au hata 8, kuanzia chini ya mabega hadi kiunoni. Studio nyingi za mitindo hufanya hivyo. Nguo za kuazima huletwa kwa saizi moja ya sampuli, watu huja na miili yao, na fundi wa kurekebisha hapatikani katikati ya kurekodi. Kibanio chenyewe hakina ubaya wowote. Ubaya unaanza mtangazaji anaposema "tazama linavyomkaa", mtazamaji akalinunua, akalivaa nyumbani kwake, likamning'inia. Mtu wa namna hiyo hatapiga simu kulalamika. Ataacha tu kuangalia, na huenda asijue hata kwa nini ameacha.

Nimeanzia hapo kwa sababu kazi ya mtangazaji wa mitindo na maisha hupimwa kwa vipimo visivyohusika. Wanaoitamani huhesabu sura, kabati la nguo na idadi ya wafuasi. Wanaoajiri nao mara nyingi huhesabu hivyo hivyo, kisha wanashangaa msimu wa tatu haufiki. Ukiwafuatilia waliokaa hewani miaka 10, 20 na zaidi, unakuta walikuwa wanaijua nguo kabla ya kuijua kamera, na walilinda kwa wivu imani ya mtu aliye upande wa pili wa kioo.

Elsa Klensch, mzaliwa wa Australia, aliendesha kipindi cha mitindo cha CNN tangu kituo hicho kilipoanza mwaka 1980 hadi 2001. Kabla ya hapo alikuwa ameandika na kuhariri katika machapisho ya mitindo: Women's Wear Daily, Vogue na Harper's Bazaar. Jeanne Beker wa Kanada alitokea kwenye habari za muziki, akashika kipindi cha FashionTelevision mwaka 1985 na kukaa nayo hadi 2012, alipokuwa na miaka 60. Tim Gunn alikuwa amefundisha Parsons, chuo cha ubunifu cha New York, kwa takriban miaka 20 kabla Project Runway, shindano la wabunifu kwenye televisheni, haijaanza mwishoni mwa 2004. Stacy London na Clinton Kelly, walioendesha What Not to Wear ya Marekani, kipindi cha kumbadilisha mtu mavazi, hadi 2013, wote wawili walitoka kwenye majarida. Waliowatangulia Uingereza, Trinny Woodall na Susannah Constantine, walikuwa na safu ya mavazi katika The Daily Telegraph kabla BBC haijawaita mwaka 2001.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeanzia kwenye kamera ya mitindo. Kila mmoja alikuja na kazi nyingine mkononi: kuandika, kuhariri, kufundisha, kuhoji. Kazi hiyo ya kwanza ndiyo iliyowapa cha kusema pale nguo nzuri zilipokwisha. Gunn anazungukia meza za washindani kama mwalimu anavyozungukia madaftari. Anauliza nguo hii inataka kuwa nini, anatazama, ananyamaza, anamwachia mshonaji atambue mwenyewe mahali ilipoharibika. Mtu asiyewahi kufundisha angeamuru, na ile dakika ingekufa.

Kujua nguo maana yake nini hasa, hewani? Chukua kipengele cha dakika 4 kuhusu koti la kazini. Dakika 4 ni sekunde 240. Ondoa 20 za kufungua na 20 za kufunga, zinabaki 200. Watayarishaji wengi hutaka kuonesha makoti manne, yaani sekunde 50 kwa kila moja, na katika hizo mwanamitindo anatumia 10 kutembea na kugeuka. Zinabaki 40. Katika sekunde 40 mtangazaji asiyejua atasema koti ni la kisasa, lina rangi ya kuvutia, linafaa mchana na jioni. Maneno hayo hayamsaidii mtu dukani. Anayejua atafanya mambo mawili tu, kwa mkono wake mwenyewe juu ya nguo.

La kwanza ni bega. Mshono wa bega unapaswa kuishia pale mfupa wa bega unapoishia. Ukipitiliza, mkono wa koti unabonyea chini ya mshono. Ukiishia ndani, mkono unavutwa na kutoa mistari ya kubana juu ya musuli. Kidole kimoja kikigusa pale kwenye mfupa, kamera ikiwa karibu, mtazamaji hatasahau. Sababu ya kuanzia hapo ni kwamba bega ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kurekebisha. Fundi analazimika kung'oa mkono, kufumua bitana, kupunguza bega na kurudisha vyote, na gharama yake inaweza kukaribia ya koti lenyewe. Kiuno hupunguzwa sentimita 3 au 4 bila shida. Mikono hufupishwa, ingawa yenye vitundu vya vifungo vilivyokwisha kukatwa ni kesi nyingine, kwa kuwa vitundu havihami. Urefu wa koti haugusiki sana, kwa sababu mifuko hubaki palepale na koti linaonekana limekatwa miguu.

La pili ni kifungo. Funga kimoja, tazama kitambaa. Mistari ikitoka kwenye kifungo kwenda pande nne, mfano wa herufi X, koti linabana. Ukiona kola imeachana na shingo kwa nyuma, usilaumu kiuno. Tatizo liko kwenye mgongo au mkao wa mabega, na saizi kubwa zaidi haitalitibu. Sentensi kama hiyo, kwamba saizi kubwa haitatibu, inamwokolea mtazamaji pesa. Ukimwokolea pesa mara tatu, siku utakayomwambia anunue atakusikiliza.

Kwa hiyo makoti mawili yaliyoelezwa yana thamani kuliko manne yaliyopitishwa. Huu ni ugomvi ambao mtangazaji lazima aushinde kwenye kikao cha maandalizi, maana hewani umeshachelewa. Na wavishwe wanamitindo wawili, asibadilishwe mmoja. Kubadili koti na shati nyuma ya pazia, kurudisha kipaza sauti na kunyoosha kola huchukua si chini ya dakika moja na nusu, na katika matangazo ya moja kwa moja hizo ni sekunde 90 ambazo mtu anapaswa kuzijaza kwa maneno matupu.

Kamera nayo ina tabia zake, na mtangazaji wa mitindo asiyezijua ataonekana mwongo hata anaposema kweli. Mistari myembamba na miraba midogo, ile ya mashati ya ofisini, hugombana na safu za nukta za kihisio cha kamera na kutoa mawimbi yanayocheza kwenye kioo. Umbali ukibadilika kidogo mawimbi huja au huondoka, ndiyo maana vazi linapimwa kwenye kioo cha kamera cha studio kwa umbali uleule litakaopigwa. Kulitazama kwenye kioo cha kujitazamia cha chumba cha kuvalia hakutoshi. Nyeupe tupu karibu na ngozi nyeusi huilazimisha kamera kuchagua: ikiliokoa shati, uso unazama; ikiuokoa uso, shati linakuwa mwanga mtupu lisilo na mshono. Mpiga picha mzuri ataongeza taa usoni na kuipunguza kifuani, lakini rangi ya maziwa au kijivu hafifu humpunguzia kazi hiyo kabla haijaanza. Nyeusi kwenye mahameli humeza kila undani, na ukitaka mshono wake uonekane unahitaji taa ya pembeni inayoupitia juu kwa juu. Nyekundu kali hutapakaa kingoni, kwa sababu picha ya video huhifadhi habari za rangi kwa ukali mdogo kuliko za mwanga.

Lililo zito kuliko hayo yote ni rangi kubadilika chini ya taa. Taa za LED za bei nafuu zina mapengo kwenye mwanga wake, na kitambaa cha bluu iliyoiva kinaweza kutoka kwenye kioo kikiwa zambarau. Kipimo cha CRI cha taa, kinachoonesha inavyotoa rangi kwa uaminifu, kikiwa chini ya 90, usiiamini kwa nguo. Mtangazaji makini hupeleka kila vazi dirishani, kwenye mwanga wa mchana, kabla ya kurekodi, analiandikia jina la rangi aliyoiona kwa macho, na hewani anaitaja: "Kwenye kioo chako huenda ikaonekana zambarau, ni bluu." Sekunde 3. Wahariri wengi huikata sentensi hiyo wakidhani ni ya kiufundi. Ipiganie ibaki.

Sauti ni fupi kueleza, ingawa ndiyo inayoharibu vipindi vingi zaidi. Kipaza sauti kidogo cha kubana hukaa kama sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Hariri na poliesta husugua na kutoa mkwaruzo, na mkufu hugonga. Dawa ni vipande viwili vya utepe vilivyokunjwa pembetatu, gundi ikiwa nje, kipaza sauti katikati yake, ili kitambaa na kifaa viende pamoja. Kabla ya kuanza, mtangazaji ageuze shingo kushoto na kulia, ainue mikono yote miwili kana kwamba anaonesha nguo, fundi wa sauti akisikiliza. Anayejaribu kipaza sauti akiwa ameketi kimya hajajaribu kitu. Na gauni jepesi lisilo na mkanda halibebi kile kisanduku cha kurushia sauti. Kitalivuta nyuma na pindo litapanda. Kifungwe kwenye mkanda wa lastiki chini ya gauni, pajani au kiunoni.

Ngazi za chini za kazi hii hazina utukufu, ila ndizo zinazofundisha. Msaidizi wa mavazi ndiye anayejifunza nguo kwa mikono. Kila kipande kinachoingia kinapigwa picha mbele na nyuma, kinaandikiwa namba, jina la mbunifu, saizi, kasoro iliyokuja nacho na tarehe ya kurudi. Soli za viatu vya kuazima hubandikwa utepe wa karatasi ili virudi vipya. Kwenye sakafu ya studio iliyong'arishwa utepe huo huteleza vibaya, kwa hiyo utepe ukwaruzwe kwa msasa mwembamba au kiatu kijaribiwe kwa hatua kumi kabla ya mwanamitindo kuitwa. Pedi za kwapa huwekwa kwenye hariri bila kuuliza, kwa sababu doa la jasho kwenye hariri mara nyingi halitoki, na nguo iliyorudi na doa ndiyo ya mwisho kuazimwa kutoka kwa mbunifu huyo. Pasi ya mvuke haigusi mahameli. Inashikiliwa mbali, tena upande wa ndani. Mtangazaji aliyepitia hapo miaka miwili anajua vitambaa vinavyofanya vikichoka. Aliyeruka ngazi hiyo atakuwa anasoma vibandiko tu.

Kwenye mahojiano pia ujuzi huo unaonekana mara moja. Nyuma ya jukwaa la maonyesho mbunifu ana dakika moja na nusu, watu kumi wanamvuta, na ameshaulizwa mara ishirini chanzo cha mkusanyiko wake. Ukimuuliza tena atakupa jibu lilelile alilolichapisha kwenye karatasi ya waandishi. Shika nguo iliyo karibu umuulize kwa nini mshono wa upande ameupeleka mbele, au kwa nini kitambaa kimekatwa kwa mshazari. Kitambaa kikikatwa hivyo, mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, hukaa kimshazari mwilini, nguo inavutika na kufuata mwili bila zipu wala lastiki, lakini inakula kitambaa kingi na pindo hushuka bila usawa, ndiyo sababu huning'inizwa siku nzima au zaidi kabla ya kukunjwa. Mbunifu anayeulizwa hivyo husimama. Anajua anaongea na mtu wa kazi, na majibu yake hugeuka.

Upande wa maisha ya watu, yaani vipindi vya kumbadilisha mtu mavazi, una hatari ya aina nyingine: kumdhalilisha mgeni ili watazamaji wacheke. Inavuta macho msimu wa kwanza. Nadhani ndiyo iliyochakaza vipindi vingi vya mwanzoni mwa miaka ya 2000, licha ya ubora wa ushauri wake. What Not to Wear ya Marekani iliwapa wageni dola 5,000 za kununulia nguo mpya, kwa sharti la kuachana na zile za zamani. Pipa la takataka likawa sehemu ya onesho. Gok Wan, kuanzia 2006 kwenye Channel 4 ya Uingereza, alipita njia nyingine. Alipanga wanawake kwa mstari kufuata ukubwa wa sehemu ya mwili ambayo mgeni wake aliichukia, kisha akamwambia mgeni ajiweke anapodhani panamstahili. Mgeni alizoea kujiweka upande wa wakubwa kuliko alivyo. Kosa la jicho lilioneshwa kwa kipimo, hakuna aliyetukanwa, na nguo zilifuata baadaye. Hapo mtangazaji alikuwa amefanya kazi ya ufundi: alitafuta tatizo lilipo kabla ya kulivisha.

Sasa biashara, ambako ndiko wengi huangukia. Mapato ya mtangazaji wa mitindo leo hayatoki kwenye mshahara wa kituo peke yake. Kuna wadhamini, kuna viungo vya kununulia vinavyompa kamisheni, kuna bidhaa zenye jina lake. Making the Cut ya mwaka 2020, shindano jingine la wabunifu ambalo mwanamitindo Heidi Klum na Tim Gunn walihamia baada ya kuondoka Project Runway, iliuza vazi lililoshinda kila sehemu kwenye duka la Amazon lenyewe. Siliiti hilo uovu. Angalau mtazamaji aliona waziwazi duka liko wapi. Tatizo ni pale ushauri na mauzo vinapovaa nguo moja bila kutambulishwa.

Sheria zimejaribu kuweka mpaka. Uingereza iliruhusu bidhaa kuwekwa kwa malipo ndani ya vipindi vya televisheni vinavyotengenezwa nchini humo kuanzia 28 Februari 2011, kwa masharti, mojawapo likiwa alama ya herufi P mwanzoni na mwishoni mwa kipindi na kila kinaporudi kutoka kwenye matangazo. Vipindi vya ushauri kwa mnunuzi vilinyimwa ruhusa hiyo, na sababu inaeleweka. Marekani, tume ya biashara ya serikali, FTC, inataka uhusiano wa kifedha kati ya anayesifia na mwenye bidhaa uelezwe mahali panapoonekana na kueleweka. Kwa mtangazaji hatua ni rahisi: tamka uhusiano huo kwa mdomo mwanzoni kabla ya kuisifu bidhaa. Usiufiche chini ya maelezo ambayo mtu lazima ayafungue. Na katika kila kundi la nguo unazoonesha, weka angalau moja isiyokulipa chochote na ambayo wewe mwenyewe unaona ni bora kwa bei yake. Mdhamini akikataa hilo, ameshakuambia anachonunua kwako.

Kuhusu mkataba, vipengele vinne hulala vimejificha na huamka kazi inapokwisha. Cha kwanza ni upekee. Kituo kitataka usionekane kwingine. Kubali kwa televisheni, taja aina za bidhaa zilizozuiwa moja moja, na miezi ya kuzuiwa baada ya mkataba iwe na namba. Mitatu inavumilika. Kumi na miwili, katika mitindo, ni misimu mizima ya maonyesho imekupita. Cha pili ni mavazi: nani anafidia nguo ya kuazima ikichanika hewani. Bila maandishi, mara nyingi jicho la kila mtu litageukia aliyeivaa. Cha tatu ni jina. Mbunifu Halston aliuza kampuni yake pamoja na jina lake kwa kampuni ya Norton Simon mwaka 1973, na baada ya zaidi ya miaka kumi akajikuta hana haki ya kubuni kwa jina hilo. Mtangazaji anayetoa mkoba au manukato kwa jina lake anasaini karatasi ya aina ileile. Toa leseni ya bidhaa moja kwa miaka inayohesabika. Jina lenyewe lisajiliwe kwako. Trinny Woodall alianzisha Trinny London mwaka 2017, akiwa na miaka 53, kampuni ikabeba jina lake, na video alizojirekodi kwa simu ndizo zilizomjengea wateja. Umri ambao televisheni huwaonesha wanawake mlango ulikuwa kwake mwanzo wa biashara.

Cha nne husahaulika karibu na kila mtu: picha za kale. Vipindi vya miaka 10 ni mali ya kituo, lakini haki ya kutumia vipande vifupi kuonesha kazi yako inaweza kuombwa siku ya kusaini, wakati bado wanakutaka. Iandikwe idadi ya sekunde, mahali vitakapooneshwa na kwamba haina malipo. Kisha tunza daftari lako: tarehe ya kurushwa, vazi, mbunifu, mgeni, namba ya faili na dakika kipengele kinapoanzia. Kituo kikihamia jengo jingine au kubadili mfumo wa kuhifadhi, faili hupoteza majina yake, na mwenye daftari ndiye atakayepigiwa simu.

Na vibanio? Mgeuze mwanamitindo. Onesha vilipo, sema vimekusanya sentimita ngapi, taja saizi ya sampuli na saizi ambayo mtu mwenye mwili kama wa mwanamitindo huyu angepaswa kununua, kisha sema kama fundi anaweza kuipunguza au hawezi. Vyote hivyo vinaingia kwenye sekunde 12.